«Utafiti umeonyesha»: magazeti ya waganga wa mapafu na dawa ya tibi sugu

Maneno «utafiti umeonyesha» tunayasikia mara mingi, hata kwa WhatsApp, juu ya kikohozi na dawa za majani. Uliza kwanza: utafiti huo umetangazwa wapi?

Waganga wa mapafu wako na magazeti yao. Thorax la Uingereza lilianza mwaka 1946. La Marekani ni la zamani zaidi: lilianza 1917 kwa jina American Review of Tuberculosis, sababu wakati ule tibi (kifua kikuu) njo ilikuwa kazi kubwa ya muganga wa mapafu. Jina lilibadilika baadaye. Lingine, International Journal of Tuberculosis and Lung Disease, linatoka kwa muungano wa kimataifa wenye makao yake Paris.

Hilo la mwisho linatuhusu. Mwezi wa kwanza 2018 lilitoa matokeo ya wagonjwa 1.006 wa tibi sugu, ile isiyosikia rifampisini. Walitibiwa katika inchi 9: Benin, Burkina Faso, Kameruni, Côte d'Ivoire, Niger, Afrika ya Kati, Burundi, Rwanda na Kongo yetu. Mbele ya hapo, mugonjwa wa namna hiyo alikunywa dawa miezi 20 hivi, na wengi waliacha njiani. Hawa walipewa dawa kwa miezi 9 hadi 11. Karibu 82 kwa kila 100 walimaliza vizuri.

Njia hiyo fupi ilitokea Bangladesh, na gazeti la Marekani liliitangaza mwaka 2010. Lakini je, ingefaa Afrika, kwenye wagonjwa wengi wa tibi wako pia na virusi vya ukimwi? Ndiyo maana ilijaribiwa huku.

Mbele ya kuchapisha, gazeti hutuma andiko kwa wataalamu wengine wenye hawakushiriki kazi hiyo. Wanauliza maswali, wanaweza kulirudisha. Mwandishi analazimika kusema pia mabaya. Hapa ilisemwa wazi kwamba wagonjwa 78 walikufa, na kwamba sindano iliharibu masikio ya wengine. Ujumbe wa WhatsApp hausemi hivyo hata siku moja! Andiko lilikuwa kwa Kiingereza, lakini likiwa na muhtasari wa Kifaransa.

Kuchapishwa peke yake hakubadilishi dawa kwenye kituo cha afya. OMS inasoma maandiko mengi pamoja, inatoa kanuni, kisha programu ya taifa ya kupambana na tibi (PNLT) inazifuata. Mwaka 2020 OMS iliomba sindano ile iachwe, vidonge vya bedakilini vichukue nafasi yake. Mwaka 2022 ikakubali matibabu ya miezi 6 kwa wagonjwa wengi wa tibi sugu.

Kwa hiyo, kama zamani jirani yako aliambiwa miezi 20 na leo ndugu yako anaambiwa 6, hakuna muganga aliyedanganya.