Kirusi cha rota katika wodi ya watoto wachanga

Kirusi cha rota hushambulia utando wa utumbo mdogo na kuleta kutapika na kuhara maji. Kiligunduliwa mwaka 1973 mjini Melbourne, Australia, pale Ruth Bishop na wenzake walipokiona kwa hadubini ya elektroni katika vipande vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuhara. Mwaka uliofuata Thomas Henry Flewett wa Uingereza alipendekeza jina rota, yaani gurudumu kwa Kilatini, kwa sababu ya umbo lake: spoki fupi zilizozungukwa na ukingo mwembamba. Kiswahili kimelichukua jina hilo bila kulitafsiri, na ni vyema, kwani kinamama kliniki wamekwisha kuzoea kusikia chanjo ya rota.

Istilahi inayoandamana na jina hilo ni maambukizi ya hospitalini, yaani yale ambayo mgonjwa hakuja nayo. Kwa kawaida huhesabiwa hivyo dalili zikianza saa 48 au zaidi baada ya kulazwa. Kirusi hutoka na kinyesi, hata cha mtoto anayeonekana mzima. Muuguzi akibadilisha nepi kisha akamshika mtoto wa kitanda cha pili kabla ya kunawa, njia imekamilika. Mizani na vyuma vya vitanda navyo huweza kukihifadhi kwa siku kadhaa.

Ajabu ni kwamba vichanga wengi waliozaliwa kwa wakati huambukizwa bila kuugua. Kingamwili walizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, pamoja na maziwa yake, huchangia kinga hiyo. Njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, hawana akiba ya kutosha. Kwao kuhara, tumbo kuvimba na damu katika kinyesi ni dalili za kushughulikiwa mara moja.

Mwaka 1983 kundi la Bishop lilionyesha kwamba watoto walioambukizwa wakiwa vichanga waliweza kuambukizwa tena baadaye, lakini hawakuugua vikali. Hapo ndipo wodi ilipozaa chanjo: kirusi cha aina ya 116E, kilichopatikana Delhi kwa vichanga wasioharisha, kilitengenezwa kuwa Rotavac, iliyoidhinishwa India mwaka 2014.

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota kwa watoto wote mwaka 2013, Kenya mwaka 2014. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na wiki 6. Kabla ya hapo, kichanga aliyelazwa hutegemea maziwa ya mama, mikono iliyooshwa na vifaa vilivyosafishwa kwa klorini.