Nguvu na Wakati Wake katika Pwani ya Kilwa

Kila nguvu ina saa yake. Upepo huvuma ukatulia, maji hujaa yakapwa, na jua huchomoza likachwa. Mwenye akili hapigani na mambo haya. Huipanga kazi yake kwa kuyafuata. Siku hizi katika nchi nyingi wenye nyumba huombwa wautumie umeme kwa namna hiyo: wayatie magari yao umeme na kupasha nyumba zao moto katika saa ambazo umeme ni tele, na wajizuie katika saa ambazo ni haba. Wengi hulidhani jambo hili kuwa geni. Katika pwani ya Kilwa na Lindi ni la kale, na historia yake ina funzo lisilofaa kupuuzwa.

Kilwa Kisiwani ilitajirika kwa mahali na kwa majira. Chombo kilichotoka Arabuni na upepo wa kaskazi, ambao huvuma takriban kutoka Desemba mpaka Machi, kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwao kwa kusi katika mwaka ule ule. Kuendelea mbele hata Sofala, penye dhahabu, kulikuwa ni kujihatarisha kuukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo vyombo vya pwani vilileta dhahabu na pembe mpaka Kilwa, na mali ikangoja ghalani hata wageni wafike. Upepo hauwekeki, lakini bidhaa huwekeka. Kuijua tofauti hiyo ndiko kulikoujenga mji. Ibn Battuta alipoufikia mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye jumba la Husuni Kubwa, aliukuta katika fahari yake.

Wanyonge nao walikuwa na hesabu yao. Mvuvi alitoka na maji kupwa akarudi na maji kujaa. Akina mama waliotafuta pweza na chaza miambani walizijua siku za bamvua, maji yakauka mbali, na siku za maji mafu, ambapo safari haina faida. Hapakuwa na mtu aliyewaamuru. Aliyengoja wakati wake aliyaona malipo ya kungoja kwake ndani ya kapu lake jioni ile ile. Hilo ndilo shina la jambo lote.

Kisha ikaja nguvu nyingine, iliyotoka chini ya ardhi. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Ikakaa miaka thelathini bila kazi kubwa, hata mwaka 2004 ilipoanza kupita katika bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme Ubungo. Bomba la pili, litokalo Mtwara, lilipokuwa likipangwa na kujengwa, watu wa kusini waliuliza kwa nini mali ipite mlangoni pao ikawanufaishe wengine kwanza. Mwaka 2013 swali hilo lilizaa ghasia mjini Mtwara. Mali iliharibiwa na watu walikufa. Anayetaka kuwahimiza watu wa pwani hii juu ya matumizi ya nishati yampasa alikumbuke swali hilo kabla hajafungua kinywa.

Umeme una tabia ya upepo: aghalabu hutumika papo hapo uzalishwapo. Jioni, kuanzia saa moja hata saa nne za usiku, taa, majiko, televisheni na feni huwashwa pamoja, na mitambo na nyaya lazima zitoshe saa hizo chache, ijapokuwa usiku wa manane nyingi hukaa bila kazi. Zilipopungua nguvu, kama mwaka 2006, 2011 na 2022, dawa ilikuwa mgao. Walakini mgao si kunyumbulika. Mgao humkatia mtu bila kumlipa, na samaki wa mchuuzi huoza. Tangu mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, imeleta nafuu kubwa. Lakini wingi wa maji hauifuti jioni, wala hauzinenepeshi nyaya.

Wengine walitumia bei badala ya giza. Uingereza mwaka 1978 ilianzisha mpango wa Economy 7, wenye saa saba za umeme rahisi usiku. Matofali yaliyomo katika vipasha joto yalishika moto usiku na kuutoa mchana. Kenya mwaka 2023 iliweka bei ya pekee kwa kutia umeme vyombo vya usafiri, na ile ya saa zisizo na msongamano ikawa nusu ya ile ya saa nyingine. Lindi haihitaji kupasha nyumba moto. Tofali letu ni barafu: jokofu lililogandisha maji usiku huhifadhi samaki mchana. Maji huweza kupandishwa tangini alfajiri, na bajaji ya umeme kutiwa nguvu dereva akiwa amelala. Lakini ugali wa watoto haupikwi saa nane za usiku. Yapo yanayoweza kungoja na yapo yasiyoweza, na si haki kumtoza mtu kwa yale yasiyoweza.

Mita ya LUKU huhesabu uniti, wala haimpi mwenye nyumba nafuu kwa kuichagua saa. Mama wa Kilwa Masoko agandishaye barafu usiku hulipa sawa na yule agandishaye jioni. Mababu zake hawakuhitaji kuhutubiwa juu ya kungoja, maana bahari iliwalipa. Atakaye wajukuu wao wangoje na awalipe vivyo hivyo, kwa hesabu wanayoweza kuiona.