Faida

Kampuni ya Scancem ilipokubali mwaka 2021 kununua kutoka kwa kampuni ya AfriSam asilimia 68.33 ya hisa za kampuni ya Saruji ya Tanga, yenye kiwanda Pongwe, swali lilikuwa la kawaida: faida ipi?

Neno hili la asili ya Kiarabu limebebeshwa mengi mno. Mifuko ya saruji ya Simba ya kampuni hiyo ikiuzwa, ni faida. Kiwanja kikiuzwa mara moja tu, ni faida vilevile. Mkaguzi makini huitoa hiyo ya pili kwanza, ndipo akadirie bei.

Tanga inalijua hilo kwa mkonge. Vita vya Korea vilipandisha bei mno, kisha ikaporomoka. Aliyenunua shamba kwa hesabu za 1951 alinunua vita, si katani. Kwa wahasibu, jina “faida ya msimu” lingefaa kwa faida kama hiyo isiyodumu.