Saratani ya umio: Kukata au kuchoma kabla uvimbe haujatokea

MKAZI wa Kayole, Umoja au Dandora anayeanza kukwamwa na ugali, kisha na uji, kwa kawaida huwa amechelewa. Dalili hiyo hujitokeza uvimbe ukiwa umekwisha kuziba sehemu kubwa ya umio, yaani njia ya chakula iteremkayo kutoka kooni hadi tumboni. Kabla ya hapo hupita kipindi kirefu ambapo seli za utando wa ndani huharibika bila maumivu yoyote. Hali hiyo huitwa displasia, na inaweza kutibiwa bila kupasua kifua.

Si hali adimu nchini. Utafiti wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, uliochapishwa mwaka wa 2016, uliwapima watu 305 wasio na dalili. Takriban 14 katika kila 100 walipatikana na displasia. Kipimo hufanywa kwa kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, kisha umio hunyunyiziwa iodini. Seli nzima hugeuka rangi ya hudhurungi; zilizoharibika hubaki hafifu. Bila iodini, daktari anaweza kuzipita asizione.

Tiba ni za namna mbili kuu. Ya kwanza ni kukata. Utando huinuliwa kwa kudungwa maji, au huvutwa na kufungwa kwa mpira kwa kifaa kinachofanana na kile cha kufunga mishipa inayovuja damu, kisha hukatwa kwa waya wenye umeme. Eneo likiwa pana, hutolewa vipande vipande. Mbinu iliyoasisiwa Japani huuchuna utando wote kwa pamoja kwa kisu kidogo cha umeme, lakini huchukua muda mrefu na huhitaji mkono uliozoea.

Ya pili ni kuchoma kwa joto la mawimbi ya redio, kupitia puto linalopanuliwa ndani ya umio. Huenea eneo kubwa kwa muda mfupi, ila mashine na puto lake ni ghali.

Tofauti kubwa iko maabarani. Kilichokatwa hupimwa, ikajulikana kama saratani imeanza na imezama kiasi gani. Kilichochomwa hakiachi ushahidi. Ndiyo maana penye kinundu au kidonda, busara ni kukata kwanza. Kukata nako kwaweza kuleta damu au kutoboa umio. Njia zote mbili huacha kovu, na umio ukitibiwa karibu mzunguko mzima waweza kujibana, mgonjwa akahitaji kupanuliwa mara kwa mara.

Sifa nyingi za kuchoma zinatokana na utafiti wa Marekani wa 2009 uliohusisha wagonjwa 127. Hao, hata hivyo, walikuwa na displasia itokanayo na asidi ya tumbo. Aina iliyoenea Kenya ni nyingine, inayofanana zaidi na ile ya China, kwa hivyo matokeo hayo hayafai kupokelewa mazima mazima.

Displasia hafifu mara nyingi hufuatiliwa tu. Iliyokithiri ndiyo hutibiwa. Hata baada ya tiba, kamera na iodini hurudiwa, kwa kuwa utando uliosalia ulipitiwa na pombe, moshi wa sigara na vinywaji vya moto sana vilevile.