Ushabiki wa MMA jijini Nairobi

Ushabiki wa MMA jijini Nairobi ni ufuatiliaji wa mapambano ya kulipwa ya sanaa mseto za mapigano, hasa ya kampuni ya UFC ya Marekani, iliyoandaa onyesho la kwanza mjini Denver tarehe 12 Novemba 1993. Mchezo huruhusu ngumi, mateke, mieleka na kabari. Pambano la kawaida ni raundi 3 za dakika 5, la ubingwa raundi 5.

Kinachoutawala ushabiki huu ni saa. Kwa miaka mingi mapambano makuu ya Las Vegas yalianza saa 4 usiku wa Jumamosi kwa saa za New York, yaani saa 11 alfajiri ya Jumapili jijini Nairobi, au saa 12 Marekani inaporudisha saa nyuma. Shabiki wa Kilimani au Kangemi huamka gizani, la sivyo huizima simu asije akajua mshindi kabla ya marudio. Maonyesho ya Abu Dhabi huangukia jioni, na hiyo ni nafuu kubwa.

Mvuto ulipata uzito kwa mabingwa wazaliwa wa Afrika: Kamaru Usman na Israel Adesanya wa Nigeria mwaka 2019, kisha Francis Ngannou wa Kamerun mwaka 2021. Kenya ina mizizi ya ndondi, na Robert Wangila alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988. Kwa jicho lililozoea ngumi, sehemu ngumu zaidi kusoma ni mapambano ya chini, ambako mpiganaji aliyelala chali aweza kuwa ndiye anayekaribia kushinda kwa kabari.