Mkwaju, Dhahabu na Manyani wa Adili

Mkwajuni ya Songwe, kama ile yetu ya Unguja, imepewa jina la mti. Lakini kilichowaita wageni huko bara hakikuwa kivuli cha mkwaju, bali dhahabu ya Lupa, iliyogunduliwa mwaka 1922 na kukimbiliwa na wengi miaka ya 1930.

Tamaa hiyo ya mali ndiyo aliyoipima Shaaban Robert katika Adili na Nduguze (1952). Aghalabu twakisoma kitabu hicho kama funzo la husuda na msamaha. Na tukisome pia kama hukumu baina ya mwanadamu na viumbe wenziwe. Adili amwokoa kiumbe dhaifu, kumbe ni Huria wa majini. Nduguze, waliomtosa baharini, wageuzwa manyani. Kila usiku hulazimika kuwapiga, naye hulia, kwani ampigaye mnyama ampiga nduguye. Mfalme Rai, mpenda wanyama, amtaka aeleze.

Swali la Rai halijazeeka. Wachimbaji wadogo wangali wakinasa dhahabu kwa zebaki. Zebaki haipotei: hufuata maji yateremkayo Ziwa Rukwa, huingia katika samaki, kisha humrudia mwanadamu chunguni.