Nafasi Zenye Nukta

Watu wengi hudhani kwamba ujanja wa kuandika barua moja ikatumika kwa watu mia ni ujanja wa kompyuta. Sivyo. Kompyuta iliukuta. Anayetaka kuujua ukale wake na aje Buha, katika Kasulu na Kibondo, ambako tangu enzi za wakoloni maisha ya watu yameandikwa kwenye karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye nafasi za nukta zinazongoja jina.

Wakati wa utawala wa Mwingereza, Buha ilikuwa ghala la nguvukazi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi ya kuwatafutia wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU, na Waha walikuwa miongoni mwa waliosafirishwa kwa wingi kwenda mashambani, mpaka huko Tanga. Mkataba ulikuwa mmoja kwa wote. Masharti yalikuwa yamekwisha chapwa. Kilichobadilika ni jina la mtu, kwao, na alama ya dole gumba. Akifika shambani alipewa kipande cha siku 30 za kazi, ambazo alitakiwa azimalize ndani ya siku 42. Hata jina waliloitwa, manamba, latokana na neno namba.

Hapo pana jambo la kuangalia, ndugu msomaji. Katika karatasi ya namna ile kuna sehemu mbili: ile iliyochapwa na ile iliyoachwa wazi. Mtu wa Kasulu aliulizwa ya sehemu iliyo wazi tu. Ile iliyochapwa, yenye ujira na muda wa kazi, iliandikwa na wengine kabla yeye hajatoka kwao. Ni kweli karatasi moja kwa wote ina heri yake: kazi ya karani huwa nyepesi, na mmoja hawezi kuandikiwa masharti tofauti na mwenzake kwa chuki au upendeleo. Lakini nguvu yote iko kwa yule aliyetunga maneno na kuamua ni wapi paachwe wazi.

Baadaye nyanda zetu zilipokea wageni. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa huko Burundi mwezi Oktoba 1993, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka mpaka. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena, na kambi ya Nduta kule Kibondo ikafunguliwa upya. Mkimbizi huanza kwa kuandikishwa. Bila kuandikwa, hana kadi, na bila kadi hana mgao wa unga na maharage.

Sasa fikiri juu ya nafasi moja tu katika fomu za namna hiyo: "Jina la ukoo." Ulaya swali hili ni jepesi, maana baba, mama na watoto kwa kawaida hubeba jina moja. Kwa Warundi sivyo. Kila mtoto huweza kupewa jina lake mwenyewe. Mmoja akaitwa Niyonzima, yaani Mungu yu hai, na nduguye wa tumbo moja akaitwa Nduwimana, yaani mimi ni wa Mungu. Wamelala chini ya paa moja, lakini anayewatafuta kwa jina la ukoo atawaona kama watu wasiojuana. Hakuna aliyesema uongo. Swali ndilo lililotungwa kwa ajili ya watu wengine. Karani mwenye subira atauliza, "Na huyu ni nani wako?" kisha ataandika jibu pembeni mwa karatasi.

Kompyuta haina pembeni. Kwetu zilichelewa kuenea, maana mwaka 1974 Serikali ilizuia kuziingiza nchini. Ofisi zikaendelea na taipu na stensili. Lakini zilipokuja zilileta mambo yale yale. Katika programu ya WordStar, iliyotoka Marekani mwaka 1978 na baadaye kuongezewa sehemu iliyoitwa MailMerge, mwandishi alitunga barua moja, na mahali pa jina akaweka alama kama &JINA&. Orodha ya watu ilikaa kwenye faili la pembeni. Mashine ilisoma mstari wa kwanza wa orodha, ikajaza, ikachapa. Ikaenda wa pili, mpaka mwisho. Nukta za mkataba wa mkonge zilikuwa zimepata jina, basi.

Tofauti ni kwamba mashine haishangai. Safu za orodha zikihama kwa hatua moja, itamwandikia Juma deni la Asha, na itafanya hivyo mara mia bila kusita. Pasipo na jibu, itaandika "Ndugu" kisha mkato, bila mtu.

Kwa hiyo nawashauri vijana wanaoandaa barua na mikataba kwa njia hii mambo matatu. Kwanza, chapa moja, uisome yote, ndipo uchape mia. Pili, kila unapoacha nafasi, jiulize kama yupo mtu ambaye jibu lake la kweli halitaingia humo. Tatu, acha mistari michache ya maelezo mengine, na awepo mtu wa kuisoma. Manamba hawakuachiwa mistari hiyo.